Namba ya chini inaposhuka

Wadau, wiki hii tuipumzishe siasa. Nimetoka nyumbani Rubwera, kule Kyerwa, nilikokaa siku tisa, na nimerudi na jambo ambalo mhariri wangu angelitupa kapuni kabla ya kumaliza aya ya pili. Angeuliza: habari iko wapi hapa? Habari ipo, ila inaanzia mbali, na kwa kuwa kwenye ukurasa huu mhariri ni mimi mwenyewe, nitaieleza kwa nafasi.

Tuanze na tepu ya kupimia.

Novemba 1861 Mwingereza John Hanning Speke aliingia Karagwe akiwa njiani kutafuta chanzo cha Mto Naili. Omukama Rumanyika alimpokea kwenye makao yake Bweranyange. (Kyerwa yetu ilikuwa ndani ya Karagwe hiyo hiyo, kiserikali tumegawanywa juzi tu, 2012.) Kilichomshangaza Speke ni wake wa wakubwa wa pale. Walinyweshwa maziwa hadi wakanenepa kiasi cha kushindwa kusimama, maana unene huo ndio uliokuwa urembo na heshima ya nyumba. Siku moja akamtembelea shemeji mmoja wa Omukama na kumwomba ampime. Mama yule hakukubali bure. Walipatana kwamba yeye atapimwa, na mzungu naye atamwonyesha miguu na mikono yake mitupu. Biashara ikafanyika. Speke akaandika kitabuni mwake: mzunguko wa mkono inchi 23, kifua inchi 52, paja inchi 31, shavu la mguu inchi 20. Urefu akauweka futi 5 na inchi 8, huku akikiri kwamba huo peke yake hakuupata sawasawa.

Kipande hiki hunichukiza na kunichekesha kwa wakati mmoja. Kinachukiza kwa sababu mtu mzima amepimwa kama gogo la kupeleka kiwandani. Kinachekesha kwa sababu, ukisoma vizuri, mama yule ndiye aliyeshinda yale mapatano.

Safari hii lakini nilikisoma kwa jicho jingine. Inchi 23 ni kama sentimita 58. Mkanda wa kawaida wa mashine ya presha, ule unaoukuta kwenye zahanati zetu nyingi, humfaa mtu ambaye mkono wake una mzunguko wa sentimita 22 hadi 32 hivi. Ule mkubwa hufika kama 42. Kwa hiyo mama yule, ambaye vipimo vyake vinasomwa dunia nzima hadi leo, asingepimika presha kwa vifaa tulivyonavyo Rubwera. Na ukimfunga mtu mnene mkanda mdogo, mashine inatoa namba ya juu kuliko ukweli. Siku ya gulio nilimwona kijana ana mizani na mashine ya betri, anapima presha kwa mia tano, mkanda juu ya mkono wa koti. Watu wanapanga foleni, wanasoma namba, mmoja anacheka, mwingine anaondoka kimya.

Speke alipima ganda. Kuingia ndani, kwenye mabomba yenyewe yanayopitisha damu, kumechukua karne tatu, na tuliosoma arts ni vizuri tujue kwamba hadithi yake si ya kuchosha hata kidogo.

Mchungaji mmoja wa Uingereza, Stephen Hales, alichapisha mwaka 1733 matokeo ya jaribio la kikatili. Alimlaza farasi jike, akamfunga, akamtumbukiza mrija kwenye mshipa wa paja na kuuunganisha na bomba la kioo. Damu ikapanda zaidi ya futi 8. Hiyo ndiyo presha, imeonekana kwa macho kwa mara ya kwanza. Lakini Hales aliona kitu kingine ambacho watu walikisahau upesi. Moyo unasukuma damu kwa mikupuo, paa, kisha kimya, paa, kisha kimya, lakini kule kwenye vidole damu haiendi kwa kukatika-katika namna hiyo. Inatiririka. Kwa nini? Alisema ni kwa sababu mishipa mikubwa inatanuka inapopokea mkupuo, halafu inajibana na kuendelea kuisukuma damu wakati moyo umepumzika. Aliifananisha na pampu za zimamoto za wakati wake, zilizokuwa na chumba cha hewa cha kulainisha mikupuo ya maji.

Kwetu mfano wake ni rahisi zaidi. Nani kati yenu hakuwahi kukata tyubu ya baiskeli kutengeneza manati? Mpira mpya unavutika na kurudi kwa nguvu. Ule uliokaa juani miaka miwili unapasuka vinyufa, unakuwa mgumu, ukiuvuta hauendi, ukiuachia haurudi. Mshipa mkuu unaotoka moyoni, aota, una nyuzi za mpira wa namna hiyo, zinaitwa elastini. Sehemu kubwa yake mwili unaitengeneza utotoni, na baada ya hapo haitengenezwi tena kwa kiasi cha maana. Moyo unaopiga mara 70 kwa dakika unauvuta mpira huo karibu mara milioni 37 kwa mwaka. Piga hesabu kwa mtu wa miaka 60. Nyuzi zinakatika moja moja, na pengo linazibwa na nyuzi nyingine ngumu za kolajeni. Mshipa unakakamaa. Chumvi nyingi, sukari ya kudumu kwenye damu, sigara, figo mbovu na presha yenyewe vinaharakisha kazi hiyo.

Mwingereza mwingine, Thomas Young, alieleza mwaka 1808 kwamba kila pigo la moyo ni wimbi linalosafiri kwenye ukuta wa mshipa, na kwamba kasi ya wimbi inategemea ugumu wa ukuta huo. Mshipa laini, wimbi linakwenda taratibu. Mshipa mgumu, linakimbia. (Usichanganye wimbi na damu yenyewe. Damu iko nyuma sana. Kwenye reli ukigonga chuma, sauti inafika stesheni kabla ya treni.) Mwaka 1878 Waholanzi wawili, Moens na Korteweg, waliandika hesabu zake, na mwaka 1922 John Crighton Bramwell na A. V. Hill, yule wa Nobel ya mwaka huo huo, wakaonyesha jinsi ya kuitumia kwa binadamu hai. Maana yake ni kwamba miaka zaidi ya 100 iliyopita watu walishajua namna ya kupima umri wa mshipa bila kumpasua mtu.

Sasa mbona hatukupimwa hivyo?

Jibu langu ni tyubu ya baiskeli. Mwaka 1896 daktari wa Turin, Scipione Riva-Rocci, alitengeneza kifaa cha kupima presha kwa vitu vya nyumbani: kichupa cha wino, zebaki, bomba la shaba, na tyubu ya baiskeli ya kufunga mkononi. Kwetu Kagera, ambako baiskeli imebeba ndizi, kahawa, wagonjwa na maharusi, mtu huyu alistahili apewe mtaa. Mwaka 1905 daktari wa jeshi la Urusi, Nikolai Korotkoff, akaongeza kusikiliza kwa stetoskopu, na hapo ndipo zikapatikana namba mbili tunazozijua: ya juu moyo unapokamua, ya chini unapopumzika. Ni rahisi na haraka, nesi mmoja anapima watu 50 kabla ya chai. Dunia ikachukua namba, ikaacha wimbi.

Kulikuwa na watu waliokuwa wanasoma wimbi. Mfaransa Étienne-Jules Marey alikuwa na kifaa kilichochora umbo la pigo la mkononi tangu 1860, na kijana mmoja wa hospitali ya Guy's, London, Frederick Akbar Mahomed, alikitumia katika miaka ya 1870 kuonyesha kwamba mtu anaweza kuwa na presha kubwa kabla figo zake hazijaharibika. Babu yake ndiye Sake Dean Mahomed, mhamiaji kutoka India aliyefungua mgahawa wa chakula cha Kihindi London mwaka 1810. Mjukuu alikufa kwa homa ya matumbo mwaka 1884, ana miaka 35. Angeishi mpaka wakati wa Riva-Rocci, huenda namba na wimbi vingekwenda pamoja. Haya ni mawazo yangu tu.

Tuvuke sasa ziwa. Ukitoka Kagera ukilivuka Ziwa Victoria kwenda mashariki unaangukia Nyanza ya Kenya, na juu kidogo kwenye vilima ni Kisii. Huko alifanya kazi daktari wa serikali ya kikoloni aliyeitwa C. P. Donnison. Mwaka 1929 alichapisha kwenye jarida la Lancet vipimo vya presha vya wanaume wapatao 1,000 wa eneo hilo. Alisema kwamba kwa vijana namba zilifanana na za Wazungu, lakini baada ya miaka 40, badala ya kupanda kama Ulaya, zilishuka. Katika wagonjwa 1,800 waliolazwa kwa miaka miwili hakuona hata mmoja mwenye ugonjwa wa presha. Mwaka 1937 akaandika kitabu kizima kulaumu ustaarabu wa kisasa na misukosuko yake ya akili.

Makala hiyo ilikaa vichwani mwa madaktari kwa miaka mingi. Mwafrika hana presha. Mishipa ya Mwafrika haizeeki. Ilikuwa sifa, lakini ni sifa ya aina ile ile ya tepu ya Speke: mtu anapimwa ili awe kioja. Na sifa hiyo ina gharama, kwa sababu ugonjwa ambao watu "hawana" hakuna anayeununulia mashine wala dawa.

Waliofuata walikuwa waangalifu zaidi. Gerald Shaper, aliyekuwa Makerere, alikwenda kaskazini mwa Kenya kwa Wasamburu akakuta ni kweli, presha yao haikupanda na umri. Ila hakuishia hapo. Yeye na wenzake waliwafuatilia morani wa Kisamburu walioingia jeshini, wakala posho ya jeshi yenye chumvi nyingi kuliko ya nyumbani. Matokeo, yaliyochapishwa 1969, yalionyesha presha yao imepanda. Watu ni wale wale na damu ni ile ile. Kilichobadilika ni sahani. Miaka ya 1980 Neil Poulter na wenzake walifanya jambo la karibu na hilo kwa Waluo waliohama kijijini kwenda Nairobi. Presha ilianza kupanda ndani ya miezi michache tu baada ya kufika mjini, chumvi ikiwa imeongezeka kwenye chakula na potasiamu, ile ya ndizi, matunda na mboga, ikiwa imepungua.

Wanyambo na Wahaya tusijipongeze haraka kwa sababu ya ndizi. Ndizi iko pale pale, lakini siku hizi Rubwera, kama senta nyingine yoyote nchini, ina chipsi na chumvi ya kunyunyiza juu bila kipimo. Zamani chumvi ilikuwa mali. Ya Uvinza na ya Katwe, Uganda, ilibebwa kichwani na kuvuka falme kwa biashara, na mtu aliyeipata kwa shida namna hiyo hakuimwaga. Leo pakiti yake ni bei ya andazi.

Kuhusu mishipa yenyewe, utafiti unaonigusa zaidi ni wa Mmarekani George Mann kwa Wamasai wa Tanganyika. Mwaka 1964 aliandika kwamba pamoja na kuishi kwa maziwa na nyama hakuona dalili za ugonjwa wa moyo. Mwaka 1972 akarudi na jambo gumu zaidi, uchunguzi wa maiti 50 za wanaume wa Kimasai. Ndani ya mishipa mafuta yalikuwepo, kwa kiwango cha kulingana na wazee wa Marekani. Ila mishipa ya moyo ilikuwa imepanuka kadiri umri ulivyokwenda, kwa hiyo damu ilipita. Mann aliamini ni kwa sababu ya kutembea. Unaona basi: ukipima kitu kimoja unapata jibu "wako salama", ukifungua bomba unapata hadithi tofauti kabisa.

Kwa Tanzania ya karibuni namba hazina tena mjadala. Mradi wa kufuatilia magonjwa na vifo vya watu wazima, ulioanza 1992 Dar es Salaam, Hai na Morogoro vijijini, ulionyesha kwamba watu wetu wanakufa kwa kiharusi kwa viwango vinavyozidi vya Uingereza, umri ukilinganishwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta karibu watu wazima 3 kati ya 10 wana presha, Ilala na Hai vijijini karibu sawa. Waliojua kwamba wanayo hawakufika 20 katika kila 100 ya wenye presha. Waliokuwa kwenye dawa, kama 10. Ambao presha yao ilikuwa imedhibitiwa hawakufika hata mmoja. Baadaye, Hai hiyo hiyo, wazee wa miaka 70 na zaidi walipimwa: karibu 7 kati ya 10. Kijijini, wadau. Siyo Masaki.

Na hapa ndipo nafika kwa bibi yangu.

Bibi ana miaka 79 na ana kadi ya kliniki iliyochakaa, ameifunga kwenye mfuko wa nailoni. Nimeisoma yote. Mwaka 2011 alikuwa 146 kwa 88. Mwaka 2016, 158 kwa 82. Mwaka 2020, 166 kwa 76. Mara ya mwisho, 172 kwa 68. Nilimkuta amefurahi. "Mjukuu wangu, ile ya chini imeshuka yenyewe. Naanza kupona." Mhudumu mmoja, simtaji wala sitaji kituo, alikuwa amemwambia kwamba ya chini iko safi kabisa, ya kijana. Bibi akaelewa anavyoelewa yeye, akaanza kumeza kidonge siku moja na kuruka moja, zikae muda mrefu.

Sasa rudi kwenye manati. Aota laini inapopokea mkupuo inatanuka, kwa hiyo presha ya juu haipandi sana. Moyo unapopumzika aota inajibana, kwa hiyo ya chini haishuki sana. Aota iliyokakamaa haitanuki: ya juu inaruka. Haina cha kurudisha: ya chini inaporomoka. Juu ya hapo wimbi linakimbia, linagonga matawi ya mishipa na kurudi mapema, linamkuta moyo bado anasukuma. Moyo unasukuma dhidi ya mwangwi wake, unanenepa kuta. Na mikupuo ambayo zamani ililainishwa njiani inafika na nguvu zake zote kwenye ubongo na figo, ambako mishipa ni midogo kama uzi. Kwa mzee ambaye hakuongezewa dawa, ya chini kushuka huku ya juu inapanda ndiyo sura ya mshipa kuzeeka. Toa tu: 58, 76, 90, 104. Hiyo tofauti ya juu na chini, kwa mzee, ikizidi 60 madaktari wanaihesabu kuwa alama ya mishipa iliyokakamaa. Kadi ya bibi imekuwa ikisema hivyo kwa karibu miaka kumi, kwa kutoa tu, hesabu ya darasa la tatu.

Asilaumiwe mhudumu peke yake, maana udaktari wa dunia nzima uliwahi kuamini hivyo hivyo. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 namba ya chini ndiyo iliyotazamwa, na ya juu kupanda uzeeni ilionekana ni kawaida ya uzee, hata lazima ili damu ifike kichwani. Ilichukua majaribio makubwa ya Marekani, matokeo yake yakatoka 1991, kuonyesha kwamba ukiwatibu wazee ambao ni ya juu tu imepanda, viharusi vinapungua kwa asilimia 36. Mwaka 1999 utafiti wa mji wa Framingham, ambao ulianza kuwafuatilia wakazi wake 1948, ukaongeza jambo ambalo lilipindua vichwa: kwa watu wa makamo na wazee wenye namba ya juu inayolingana, yule ambaye ya chini yake ni ndogo zaidi ndiye mwenye hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa moyo.

Nilimpeleka bibi kwa daktari kwa bodaboda, na kadi yote, siyo ukurasa wa mwisho peke yake. Amerudishwa kwenye kidonge cha kila siku, na miadi ya mwezi. Daktari alinieleza kwamba kwa mtu kama yeye kazi ni kuishusha ya juu polepole bila kuiporomosha ya chini kupita kiasi, na hilo si jambo la mjukuu mwandishi wa habari kujipangia nyumbani. Nimekubali. Wenye bibi na babu, kadi mzisome, vidonge mwachieni daktari.

Kipimo cha wimbi lenyewe kimerudi duniani tangu miaka ya 1990, Wafaransa wakiwa mstari wa mbele, kompyuta ilipofanya kazi iliyowashinda watu wa mwaka 1922. Kihisio kimoja kinawekwa shingoni, kingine kinenani. Mashine inahesabu wimbi limechelewa sekunde ngapi kati ya hapa na pale. Umbali unapimwa kwa, mtacheka, tepu. Umbali ukigawanywa kwa muda unapata kasi. Kijana mwenye afya ni kama mita 5 au 6 kwa sekunde. Tangu 2012 wataalamu wa Ulaya wamekubaliana kwamba ikizidi mita 10 kwa sekunde aota imeshaumia. Mwaka 2010 zilijumlishwa tafiti 17 za watu karibu 16,000 na ikaonekana kwamba kila mita 1 inayoongezeka kwenye kasi hiyo inaongeza hatari ya matatizo ya moyo na mishipa kwa asilimia 14 hivi, hata ukishaondoa umri, jinsia na sababu nyingine zinazojulikana. Yaani kinasema jambo ambalo namba mbili za mkononi hazikulimaliza.

Kwa mkoa wetu kuna sababu ya ziada. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Waliobahatika kufikiwa na dawa za kufubaza virusi sasa wanazeeka, jambo ambalo tulipokuwa watoto hakuna aliyethubutu kuliwaza. Lakini virusi vyenyewe, hata vikifubazwa, huacha uvimbe wa chini chini kwenye kuta za mishipa, na watafiti wa Bugando, Mwanza, hospitali yetu ya rufaa, wameshaonyesha kwamba presha na figo ni tatizo kubwa kwa kundi hili. Watu walioponyoka kifo kimoja sasa wanakisogelea kingine ambacho hakina matangazo redioni.

Kuna mambo mawili yananizuia nisishangilie mashine. La kwanza ni bei: ni mamilioni ya shilingi, mahali ambapo mkanda mkubwa wa presha ni wa kutafuta. La pili ni jedwali. Ukishapata kasi ya mtu lazima uilinganishe na watu wa umri wake. Jedwali linalotumika sana lilitoka 2010, lina watu 16,867, na vituo vyote 13 vilivyowapima viko Ulaya. Bibi yangu akipimwa kesho, jibu lake litasomwa kwa kipimo cha bibi wa Ulaya, kama watu wa Kisii walivyosomwa 1929. Inawezekana ukuta wa mshipa ni ukuta wa mshipa. Inawezekana pia kwamba mtu aliyelima kwa mkono na kupanda vilima vya Kyerwa miaka 60 ana hadithi yake. Huko Kamerun, watu wa misituni wanaoishi kwa kuwinda walikutwa na wimbi la taratibu kuliko majirani zao wakulima na kuliko ndugu zao waliohamia maisha ya kisasa. Kuna kazi hapo kwa wadau mliosoma udaktari, mnaotafuta mada ya uzamili.

Jioni ya mwisho nilimweleza bibi kipimo chenyewe kinavyofanyika, shingoni, tepu, na kile kihisio cha kinenani. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama mpimaji atakuwa mwanamke.